Siku Ziwa Lilipomkana Mtunzi

Mchana wa Jumamosi iliyopita, muda mfupi baada ya kumaliza wali na maharage ya jana, Kemilembe Rutta aliota kwamba amepanga foleni.

Kabla ya foleni, ni vizuri ajulikane. Kemilembe ni mtunzi wa muziki. Si wa kwaya, si wa bendi, bali ule wa vyombo vinne vya nyuzi, fidla mbili, viola na selo, unaosikilizwa na watu waliokaa kimya mpaka mwisho wakiogopa kukohoa. Ana miaka hamsini na moja, anaishi Changanyikeni, Dar es Salaam, na kwao ni Kamachumu, mkoani Kagera. Kazi iliyompa jina inaitwa *Maji Yanapoamka*, na imepigwa katika miji ambayo yeye mwenyewe hawezi kutamka majina yake. Kila ilikopigwa aliulizwa ilitoka wapi, na kila mara alijibu yale yale: kwamba alfajiri moja, angali msichana, alisimama kando ya ziwa, akasikia maji yakipumua, na sauti ile haikumtoka tena.

Watu waliipenda sana alfajiri hiyo. Mwandishi mmoja wa gazeti aliisikiliza akalia, kisha akaomba airudie kwa sababu alisahau kuwasha kinasa sauti.

Jumamosi hiyo alikuwa na fomu. Tamasha moja la ng'ambo lilitaka kuipiga *Maji Yanapoamka* kwa okestra nzima, na waandaaji walihitaji maneno mia mbili ya mtunzi kuhusu chimbuko la kazi, mwisho saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameshaandika "Alfajiri moja" na kuweka koma. Akaegemeza kichwa kwenye kochi apumzishe macho kwa dakika tano.

Foleni ilikuwa ndani ya ofisi ya kawaida: kaunta ya mbao, kalenda ya mwaka juzi, feni isiyozunguka. Nyuma ya kaunta alikaa karani, naye alikuwa metronomu, kile kisanduku chenye ulimi wa chuma unaokwenda huku na huku ukihesabu mapigo. Alivaa sweta.

"Jina," akasema karani, tik.

"Kemilembe Rutta."

"Kazi," tak.

"Mtunzi wa muziki."

"Hilo tumeliona. Nimeuliza kazi."

"Nafundisha chuoni, Jumatatu na Jumatano."

"Hapo sawa." Karani akaandika. "Leo tunahakiki chimbuko. Kila aliyesema kazi yake imetoka mahali fulani, mahali hapo pameitwa. Pako pamefika tangu asubuhi."

Akaonyesha benchi kwa ulimi wake. Ziwa lilikuwa limekaa pale, limechukua nafasi ya watu wanne, limejikunja kwa adabu lisiwaloweshe wengine. Mapajani lilipakata faili. Pembeni yake alikaa upepo wa mtunzi mwingine, hautulii, kila saa unauliza choo kiko wapi.

"Unamfahamu huyu mama?" karani akaliuliza ziwa.

Ziwa lilimtazama Kemilembe tangu kichwani mpaka kwenye ndala. "Simfahamu."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Mimi watu wangu wa alfajiri nawajua mmoja mmoja. Kuna wa kufua, kuna wa kuoga, kuna wenye ndoo. Huyu alikuja mara moja, saa saba mchana, na wenzake wa shule. Alilalamika jua akarudi kwenye basi." Likafunua faili. "Halafu kwao ni Kamachumu, huko juu mlimani. Ili anikute alfajiri ingebidi atoke kwao usiku wa manane, kwa miguu. Mama yake asingekubali."

"Nilisikia maji yakipumua," alisema Kemilembe. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia.

"Mimi sipumui," likasema ziwa bila hasira. "Mimi ni maji."

Watu kwenye foleni wakatikisa vichwa kuafiki. Ulikuwa ukweli usio na ubishi.

Karani akasema kwamba palipo na utata, sheria ni kwenda kwenye kazi yenyewe, na akamkabidhi ufunguo. Mwanzoni mwa mistari mingi ya muziki huandikwa alama inayoitwa ufunguo wa sol, imepindapinda kama sikio. Kemilembe ameiandika maelfu ya mara bila kujua uzito wake. Huu ulikuwa wa chuma, mzito kama jembe, na ilibidi ausukume ndani ya kitasa kwa mikono yote miwili na goti. Mlango ukafunguka.

Nyuma ya mlango hapakuwa na chumba. Palikuwa ni uani kwao, Kamachumu, migomba pande zote, na katikati kamba tano za kuanikia nguo, moja juu ya nyingine. Kwenye kamba zilianikwa soksi na vitambaa vya mkononi, kingine juu, kingine chini. Kemilembe akatazama kidogo tu akatambua: kamba ndiyo mistari mitano ya muziki, soksi ndizo noti. Ni ukurasa wa kwanza wa *Maji Yanapoamka*.

Anaanza kutembea kandokando ya kamba. Kila baada ya hatua nne kuna kijigeti, maana muziki hukatwa vipande kwa vijimstari vya wima, na hapa kila kijimstari kimewekewa bawaba. Geti la kwanza linafunguka. La pili linafunguka. La tatu limezibwa na mtu mnene aliyelala kwenye mkeka.

"Samahani, baba. Naomba kupita."

"Mimi ni pumziko," anasema yule mtu bila kufumbua macho. "Nimeandikwa mapigo matatu. Bado mawili."

"Nina haraka. Nina fomu."

"Aliyeniandika hakuwa na haraka."

Kemilembe anasimama anangoja. Baada ya pigo moja yule mtu anafumbua jicho la kushoto. "Huo mwandiko ni wako, lakini," anasema, kisha anarudi usingizini.

Mapigo yanakwisha, geti la tatu linafunguka, na mbele yake, kwenye kigoda, amekaa viola. Ni mama wa makamo, kiuno chembamba, nyuzi nne kifuani, na anachambua mchele kwenye ungo. Viola si fidla na si selo. Sauti yake ni ya shangazi anayeongea jikoni akijua kwamba sebuleni wanasikia.

"Karibu, mwanangu," anasema. "Nimekusubiri miaka kumi na tisa. Kaa."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sikiliza. Ile sauti ya mwanzo uliniandikia mimi peke yangu, wengine wote wamenyamaza. Nikiipiga, watu wanafumba macho. Wengine wanashikana mikono. Sasa nataka kujua maneno yake, nisije kuwa natukana watu."

"Haina maneno, shangazi. Ni maji tu."

"Ina maneno." Viola anapuliza makapi. "Sauti ikipanda hivi mwanzoni, inamwita mtu. Ikisimama hivi, inataja kitu. Kitu hicho ni nini?"

Kemilembe anajua. Amejua siku zote. Anaitazama migomba, na migomba inatazama pembeni kama majirani waliofika wakati mbaya.

Viola anaweka ungo chini, anajipitishia upinde, na soksi zote kwenye kamba zinafumbua midomo na kuimba kwa pamoja, wazi kabisa, kila silabi mahali pake:

"Dada, chumvi imekwisha. Nenda kaombe kwa mama Adera."

Hapo inafaa ielezwe habari ya Mutalemwa.

Mutalemwa ni mdogo wake Kemilembe, wanafuatana. Alizaliwa na kigugumizi cha kutisha. Neno "mama" lilimchukua muda wa kumenya ndizi tatu. Lakini akiimba hakuwa na kigugumizi hata kidogo, kwa hiyo kwao aliimba kila kitu: mbuzi wameingia shambani, nimeumia kidole, mgeni amefika, chumvi imekwisha. Hakuwa akitunga. Alikuwa anaongea, ila kwa njia iliyokuwa wazi kwake. Kemilembe alikua na mambo hayo masikioni asubuhi mpaka jioni, na alipokwenda kusoma muziki na kukaa na karatasi tupu katika mji wenye theluji, hayo ndiyo yaliyotoka. Hakuwa na kingine. Wengine walimwuliza ni kitu gani kile kizuri, na kusema kwamba ni mdogo wangu anaomba chumvi kukamshinda. Akasema ni ziwa.

Tena kulikuwa na jambo la zamani zaidi. Siku moja ya wazazi shuleni, yeye akiwa kidato cha pili, Mutalemwa alimletea matoke akamwita kwa wimbo kutoka getini. Wasichana wakacheka. Wakauliza ni nani. Kemilembe akasema ni mtoto wa jirani.

Mutalemwa sasa ni fundi friji, Kahama. Hupelekeana ujumbe wa simu wakati wa Krismasi.

Basi pale uani migomba inasogea na kuwa ukuta, na ukuta unakuwa ukumbi mkubwa wa mji fulani wa baridi. Watu elfu moja wamevaa makoti, wamekaa katikati ya kamba za nguo. Soksi zinaimba chumvi imekwisha, na ukumbi mzima unafuta machozi. Safu ya mbele kuna mhakiki mwenye skafu ndefu inayofika safu ya tatu.

"Nasikia kifo cha maji," mhakiki anamnong'oneza viola.

"Anaomba chumvi," anasema viola.

"Chumvi ya machozi," anasema mhakiki, na anaandika.

"Ya mboga."

"Mboga," mhakiki anaandika, "kama uhai unaochemka."

Viola anamgeukia Kemilembe. "Umeona ninavyoishi."

Wakati huo mlango wa pembeni unafunguliwa na Mutalemwa anaingia. Amevaa ovaroli, begani ana mtungi wa gesi ya friji, na anatafuta mahali pa kuuweka bila kuharibu zulia. Ana mvi. Kemilembe hakujua kwamba ana mvi. Karani wa sweta naye yupo, jukwaani, kwenye meza iliyokuwa ya mwalimu wa hesabu wa Kemilembe. Ziwa limekaa karibu naye na faili lake.

"Wewe ndiye chimbuko?" karani anamwuliza Mutalemwa.

"M-m-m," anasema Mutalemwa. Shingo inamkakamaa. "M-m-m-"

"Una mapigo mawili," anasema karani. "Moja."

Ukumbi unamtazama kwa upole ule unaomfanya mtu atamani kuzama. Karani anasema pigo la pili, anafunga daftari, na anamgeukia Kemilembe. "Basi tuambie wewe. Unamfahamu huyu?"

Juu ya swali lile inatokea alama. Ni nusu duara yenye nukta katikati, kama jicho, na katika muziki maana yake ni kwamba sauti isikatwe mpaka itolewe ruhusa. Kemilembe huiweka ovyo ovyo katika kazi zake, akiona inaleta ukubwa. Sasa imening'inia juu ya ukumbi na swali halikatiki. "Unamfahamu huyu-u-u-u," linaendelea, kinywa cha karani kimefunguka, na watu elfu moja hawawezi kushusha mabega.

Kemilembe anafungua kinywa kujibu. "N-n-n," anasema.

Anajaribu tena. "N-n-n-n." Neno limekaa nyuma ya meno, anaweza hata kulionja, na halitoki. Anamtazama Mutalemwa. Mutalemwa anamtazama kama fundi anavyotazama mashine ya mtu mwingine: anajua ugonjwa, anangoja mwenyewe aseme.

Kuna njia moja tu, na Kemilembe haipendi. Hajaimba mbele ya watu tangu alipomaliza chuo. Ametunga miaka ishirini na tano ili wengine wapige yeye akae nyuma ya ukumbi karibu na mlango. Swali bado linavuma. Mhakiki amekuwa wa buluu kwa kukosa pumzi.

Anaimba. Sauti imekwaruza, imeanzia chini mno, na inaingia palepale ambapo huanzia viola.

"Ni mdogo wangu. Nyimbo ni zake. Mimi nilikuwa naandika tu, na siku ile nilimkana."

Jicho lililokuwa hewani linajifumba. Karani anafunga kinywa. Watu elfu moja wanashusha pumzi, na hewa ile inazima taa za upande wa kushoto.

"Basi mimi naweza kurudi kazini," linasema ziwa. Linagonga muhuri kwenye faili, linawapungia mkono, na linatoka kwa mlango wa nyuma likiinua pindo lisiloweshe ngazi.

Mutalemwa ameshusha mtungi. Anaimba, kwa sauti ile ile ya utotoni iliyozeeka kidogo: "Nilijua. Niliisikia redioni, nikiwa natengeneza friji la gesti. Nikamwambia mwenye gesti, hapo naomba chumvi. Akacheka."

"Kwa nini hukuniambia?" Kemilembe naye anaimba, maana kuongea bado kumegoma.

"Wewe kwa nini hukuniambia?"

 Mutalemwa anasogea kwenye kamba za nguo, anakunja uso, anagusa soksi moja.

"Ila mstari wa pili umekosea. Hapa, nenda kaombe kwa mama Adera. Umeushusha."

"Uliushusha mwenyewe."

"Sikuushusha. Ukishuka ni kutuma mtu. Mimi ningekutumaje, nawe dada yangu? Nilikuwa nakuomba. Ulikuwa unapanda."

Viola anapiga ule mstari ukishuka. Kisha anaupiga ukipanda. "Loo," anasema taratibu. "Miaka kumi na tisa nimekuwa natoa amri."

Mutalemwa anachomoa soksi, anazihamishia kamba ya juu moja baada ya nyingine, anabana kibanio. Anapomaliza anafuta mikono kwenye ovaroli, na kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo dogo anaimba: "Na friji lako, dada, mpira wa mlango umechoka. Saa kumi kasorobo maji yatafika sebuleni."

Kemilembe akaamka.

Shingo ilikuwa imemkaza. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasorobo, na kutoka jikoni, chini ya pazia, kijito chembamba cha maji kilikuwa kinavuka kizingiti na kugusa zulia la sebuleni.

 Kemilembe akainuka, akatandika taulo kuukuu kizingitini, akarudi kwenye kompyuta. Alifuta "Alfajiri moja" pamoja na koma yake. Akaandika kwamba kazi hii imetoka kwa Mutalemwa, kwamba bila Mutalemwa isingekuwapo, kwamba kwa miaka kumi na tisa alitaja kitu kingine kwa sababu aliona haya, na kwamba anaomba jina la Mutalemwa lichapwe kabla ya lake. Yalikuwa maneno machache kuliko mia mbili. Akatuma bila kusoma tena, kwa sababu alijijua.

Waandaaji walijibu baada ya dakika kumi. Walisema wameguswa sana. Waliomba picha ya Mutalemwa kwa ajili ya jalada, ikiwezekana iliyopigwa wakati wa machweo, yenye eneo la wazi upande wa juu ili pakae maandishi.

Kemilembe alisoma mara mbili, akachukua simu. Hakuandika ujumbe. Alipiga.

Iliita sana. Kisha ikapokewa. Ng'ambo ya pili palisikika mashine fulani ikivuma.

"Muta, ni mimi. Friji langu linavuja."

"M-m-m," alisema Mutalemwa. "M-m-m-"

Maisha yake yote, Mutalemwa alipokwama, Kemilembe alimmalizia neno, mara nyingi neno lisilo lake. Alikuwa nalo mdomoni hata sasa. Akabana midomo, akangoja. Mapigo matatu, manne, saba. Halafu Mutalemwa akaacha kushindana, akaimba.

"Mpira wa mlango. Kona ya chini, kushoto. Toa plagi kwanza, dada, umeme na maji havipatani."

Kemilembe alipiga magoti jikoni akavuta mpira. Ulikuwa umepasuka kona ya chini, kushoto.

"Umejuaje?"

"Yote huanzia hapo," akaimba Mutalemwa. "Nitakuja Alhamisi, nina mpira."

"Muta. Kuna jambo jingine. Ile kazi yangu, *Maji Yanapoamka*. Ule mwanzo wake ni wako. Nimewaandikia leo."

Mashine iliendelea kuvuma huko Kahama. Kisha ikazimwa.

"Niliisikia redioni," akaimba taratibu. "Zamani. Nilikuwa gesti."

"Najua," alisema Kemilembe, akashangaa kusikia kwamba anajua. "Wanataka picha yako. Ya machweo."

"Machweo nakuwa na wateja. Waambie saa nne asubuhi."

"Nitawaambia." Maji yalikuwa yamemlowesha magoti na hakuinuka. Kulikuwa na kalamu juu ya friji. Akaichukua, akageuza risiti ya sokoni upande mweupe, akachora mistari mitano kwa mkono, haikunyooka. "Muta, naomba uniimbie ule wimbo wa chumvi, kama zamani. Taratibu, niuandike vizuri."

"Wote?"

"Wote."

Mutalemwa akakohoa kidogo, kama mtu aliyesimama mbele ya watu. Akaimba mstari wa kwanza, na Kemilembe akauandika, hakuna kilichobadilika. Akavuta pumzi, akaimba wa pili.

Ulipanda.